Vitenzi vya foleni

Tangu jana nimekuwa nikifikiria kitenzi kimoja cha Kipolandi: załatwić. Kamusi inasema ni kushughulikia jambo likaisha. Ongeza neno dogo się, "-ji-" yao, kinakuwa kujisaidia, kwa adabu ile ile ya kwetu. Lakini kwa aliyeishi Poland ya miaka ya 1980, załatwić ilikuwa kupata kisichopatikana: kupitia binamu wa muuza nyama, au kwa pakiti ya kahawa iliyoachwa juu ya meza ya karani bila neno. Kitenzi hakisemi umefanya nini. Kinasema tu mambo yamekwisha.

Sukari iliingia kwenye kadi za mgawo mwaka 1976. Nyama ikafuata 1981, na kadi zake zikadumu hadi 1989. Pesa ungeweza kuwa nayo, bidhaa ndiyo haipo, kwa hiyo watu hawakusema wamenunua. Walisema wamepata, dostać. Mzigo ukifika dukani, walisema rzucili, "wametupa". Nani? Hatajwi. Mpita njia akiona foleni aliuliza "Co rzucili?", wametupa nini, huku akishika nafasi yake.

Kizito kuliko vyote ni organizować, kuandaa. Huko Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, wafungwa walikitumia kwa kuchukua mkate, nguo au dawa kutoka maghala ya kambi. Kumchukulia mfungwa mwenzako hakukuitwa hivyo; huo ulibaki wizi. Watu waliokuwa wakifa njaa waliulinda mpaka huo ndani ya kitenzi. Nawaheshimu mno kwa hilo, na siwezi tena kukubali kwamba lugha ya mafumbo ni lugha ya uongo.

Kwetu Tanzania, sabuni na sukari zilipoadimika na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ukaanza, neno lililovuma lilikuwa kulangua. Hilo linamtazama mtu kwa macho ya mshtaki. Załatwić inamtazama kwa macho ya mwanawe anayesubiri kula.

Vijana hapa Łódź, mji wa Poland ninakoishi, wanakitumia kitenzi hicho kwa shughuli za benki na fomu za manispaa, basi. Bibi jirani yangu bado anasema "amepata" jibini, na rafu za duka zimejaa. Jumapili nitamwomba anitajie vingine, niviandike vyote humu.