Kopo la Rangi ya Kijani

Jirani anapaka rangi geti lake tangu asubuhi, na harufu ya rangi ya mafuta imeingia hadi jikoni kwangu. Nimefunga madirisha, lakini nimechelewa. Tayari nimerudi sebuleni kwa mama, Tanga, saa tisa za usiku, nimeshika kopo kwa mikono miwili.

Miezi mitatu kabla ya usiku ule kaka alikuwa hatoki chumbani. Duka lilifungwa, sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda, na akizungumza alisema tu kwamba mwili ni mzito. Daktari wa kwanza alisema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akampa vidonge vyake. Baada ya wiki chache kaka aliamka, akaoga, akaomba chapati, na mama akamshukuru Mungu huku machozi yakimtoka.

Usiku ule niliamshwa na mburuzo wa kabati. Nilimkuta kifua wazi, rangi ya kijani imemganda kwenye nyusi, amekwisha kupaka ukuta mmoja na nusu. Hakuondoa saa ya ukutani wala picha ya babu. Alivizunguka tu kwa brashi, kwa uangalifu wa ajabu, bila tone hata moja kugusa kioo. "Nishikie, mdogo wangu," alisema, kisha akaanza kunieleza habari za maduka matatu, moja hapa, moja Pemba, moja Mombasa, maneno yakikimbizana hata nikashindwa kuyafuata. Nilipomuuliza amelala lini, alicheka kicheko kile nilichokuwa nimekikosa kwa miezi, akasema, "Usingizi ni wa wagonjwa. Mimi nimepona." Mkono wake haukutetemeka. Macho yalimng'aa. Nami nilishika lile kopo hadi adhana ya alfajiri, na ninalokiri kwa uchungu ni kwamba nilikuwa na furaha.

Ndani ya wiki moja alikuwa ameuza pikipiki kwa bei ya kutupa, amekopa kwa watu watano, na hatimaye tukampeleka hospitali kwa nguvu. Hayo sitayasimulia.

Daktari wa pili hakuanza na kaka, alimgeukia mama. "Kabla ya kuugua, kuna siku zozote alizokuwa halali na wala hachoki?" Mama alinyamaza kwa muda, kisha akakumbuka mwaka ambao kaka alichimba msingi wa nyumba peke yake, usiku na mchana, karibu wiki nzima. Mtaa mzima ulimsifu. Sisi tuliita bidii.

Ndipo daktari akatueleza kwamba sonona humshusha mtu, ilhali baipola humshusha na pia humpandisha, na kwamba mtu akiwa chini kabisa magonjwa haya mawili hufanana mno. Kinachoyatenganisha ni historia, yaani kama amewahi kupanda. Alisema pia kwamba dawa ya sonona, ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola, yaweza kumrusha juu. Kaka akaanzishiwa lithiamu, dawa ya kutuliza huko kupanda na kushuka, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru havipishani sana.

Simlaumu daktari wa kwanza. Aliona mtu aliyelala, na hakuna kati yetu aliyemwambia habari za ule msingi. Nani humpeleka ndugu yake hospitali kwa sababu ana furaha na anafanya kazi? Hata hivyo natamani swali lile lingeulizwa miezi mitatu mapema, au mimi, niliyeishi naye tangu utotoni, ningeutaja ule msingi bila kuulizwa.

Kaka sasa ana miaka kadhaa ya utulivu, na duka limefunguliwa. Ukuta haukurudiwa rangi. Saa ikiondolewa kubadilishwa betri, duara jeupe hubaki likitutazama. Wiki iliyopita alinipigia simu akicheka, ana mpango wa kupanua duka kwa upande wa nyuma, na kabla sijampongeza nilijikuta nimeuliza, "Jana ulilala saa ngapi?"

Kicheko kilikatika. "Saa nne, mdogo wangu," alijibu taratibu. "Lakini ukiniuliza hivyo kila nikicheka, nitachekea wapi?"

Sijampigia tangu siku hiyo.