Fundi, usipoteze nafasi

Nachora ramani za nyumba hapa Dodoma, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hilo hapo juu. Juzi kaja mzee mwenye kiwanja Nzuguni, mita 20 kwa 30. Anataka nyumba ya familia, vyumba sita vya wapangaji uani na fremu tatu barabarani. Nikampigia hesabu. Ukiacha nafasi wazi kuzunguka nyumba, mita 5 mbele na mita 3 pande nyingine, unabaki na 14 kwa 22, yaani mita za mraba 308 kati ya 600.

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, nusu nimenunua ya kufagia?"

Namwelewa. Kodi ya vyumba ndiyo pensheni yake, na tangu serikali ihamie huku wapangaji wapo. Wazee wenzake waliozoea ukali wa CDA, mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa Dodoma hadi ilipovunjwa 2017, hata hawabishi. Yeye anabisha.

Ila mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikija huja kwa fujo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ezeka mita za mraba 500, inyeshe milimita 40: lita 20,000 zinashuka kwenye kiwanja kisicho na udongo wa kunywa maji. Zinahamia kwa jirani. Halafu kuna shimo la choo, maana mitaa mingi haina bomba la maji taka. Nimewahi kuona mpira wa gari la kunyonya ukipitishwa sebuleni kwa mpangaji, kwa sababu fremu zilikuwa zimeziba uso mzima wa kiwanja. Mama wa watu alikuwa katoa sufuria ya wali nje, kaifunika kwa kanga.

Kinachonikera kwenye vipimo vyenyewe vya nafasi wazi ni kwamba tunahesabu kuta na paa tu. Mtu anajenga nusu kama kibali kinavyosema, kisha anamwaga zege uani kote, na kwenye karatasi hapo ni "wazi".

Mzee nimemshawishi aende juu: vyumba vitatu chini, vitatu ghorofani, ingawa eneo la sakafu zote likijumlishwa nalo lina kikomo chake. Fremu amepunguza moja, kwa shingo upande. Sasa tunabishana ngazi ipite wapi.