Ati nalipwa kuangalia filamu

Nikitaja kazi yangu, watu hucheka kwanza. "Kumbe unalipwa kuangalia muvi!" Ndiyo, nalipwa. Filamu ya dakika 97 huniweka kitini siku nne. Nairudisha nyuma kila baada ya sekunde chache, na nikiimaliza najua nani huvuta pumzi kabla ya kusema uongo. Mimi huandika manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha ili asiyejua lugha ya wahusika aelewe wanachosema. Nikiifanya vizuri hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Nikikosea neno moja, hapo ndipo nazaliwa.

Hii ni Alhamisi iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Nyumba imelala. Navaa hedifoni, nafungua faili. Ni filamu ya hali halisi, na mkataba unanikataza kuitaja, kwa hiyo niseme tu kwamba inamhusu mama ambaye mwanawe alizama akivuka bahari kwenda kutafuta maisha. Maiti haikupatikana. Leo naiangalia kwa mara ya tano.

Saa 1 watoto wanaamka, wanagombana, wanaondoka.

Saa 1 na nusu hadi saa 4 ni kazi ya kuhesabu. Mistari miwili tu kwenye skrini, herufi 42 kwa mstari, na kasi isizidi herufi 17 kwa sekunde ili macho yawahi kusoma na bado yaione picha. Sasa mama akisema maneno 20 ndani ya sekunde 3, mimi nina nafasi ya maneno saba au nane. Mengine lazima yafe, na ninayechagua yapi yafe ni mimi. Wanaodhani hii ni kazi ya kuketi na kuburudika waje wachague wao.

Saa 4 na dakika 10 simu inaita. Ni mteja, kijana wa kampuni inayosambaza filamu hiyo. Ana adabu, tena ananiita "dada yangu" kila sentensi ya pili, na hapo ndipo ninapojua kuna jambo.

"Dada yangu, nimeona rasimu. Kazi nzuri sana. Ila tunaona ni nzito."

"Filamu au manukuu?"

"Vyote. Sasa filamu hatuwezi kuigusa. Ila dada yangu, manukuu tunaweza kuyachangamsha kidogo, au siyo?"

Nikamwomba anioneshe mahali. Alikuwa amejiandaa. Pa kwanza ni dakika ya 52, mama anaposimulia usiku wa kuagana: "Nilimwambia... nilimwambia avae... koti. Avae lile koti." Yeye alitaka isomeke: "Nilimsihi avae koti lake kabla hajaondoka." Imenyooka na inasomeka haraka. Lakini yule mama hakusema hivyo. Alikwama kwenye neno koti kama mtu aliyekwamwa na mfupa, na kukwama kwenyewe ndiyo habari.

Pa pili palinichosha zaidi. Kuna pahali, sekunde 94 nzima, mama anakunja nguo za mwanawe. Hasemi kitu. Kamera haisogei, hakuna muziki. Anakunja shati, analikunjua, analikunja tena. Kijana wa watu anataka niweke maandishi hapo: "Anamkumbuka mwanawe."

"Kwani kuna atakayedhani anafua?" nikamuuliza.

Akacheka, lakini hakuachia. Akaniambia watazamaji wa siku hizi wana kidole juu ya kitufe. Sekunde 94 za kimya ni mwaliko wa kuondoka. Filamu lazima iburudishe hata kama ni ya msiba, la sivyo ujumbe unabaki bila mtu wa kuupokea. "Mbona Schindler's List ilijaza kumbi, dada yangu? Ni ya mauaji, haina rangi, ina zaidi ya saa 3. Watu wakakaa mpaka mwisho. Ikabeba Oscar 7."

Nikiri hapa, kwa sababu nilimkiria na yeye: hoja yake si ya kipuuzi. Filamu isiyomalizwa na mtu haijamgusa mtu. Si zamani niliandikia nyingine iliyorundika mateso juu ya mateso kwa saa mbili, kila tukio zito kuliko lililopita, na mimi ninayelipwa kukaa macho nilisinzia kwenye kibodi. Huzuni haimpi mtengenezaji ruhusa ya kuwa mzembe. Kuna watu hujificha nyuma ya uzito wa mada yao, kisha ukichoka wanakuona wewe huna moyo.

Lakini nikamwambia aangalie alichokitaja. Steven Spielberg, aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa na waigizaji, alikuwa na hadithi ya nani atapona na nani hatapona, na anajua kukufanya ungoje. Hicho kilichowashika watu kitini ukikiita burudani, basi neno tumelinyoosha mpaka limekatika. Kuburudika ni kupoa. Baridi na burudani ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na hata maji ya mtungini tunasema yanaburudisha. Sasa nani ametoka kwenye filamu ile amepoa? Watu walitoka wameungua, na bado hawakuwa wameondoka njiani. Kushikwa na kuburudishwa ni mambo mawili, na wateja wangu wengi hunilipa nitende la kwanza huku wakidai la pili.

"Sasa kinachoshika hapa ni nini? Mtu anakunja nguo."

Nikamtajia filamu ya Chantal Akerman ya mwaka 1975, Jeanne Dielman, ambamo mwanamke anamenya viazi na kutandika kitanda kwa zaidi ya saa 3. Kura ya wachambuzi ya jarida la Sight and Sound mwaka 2022 iliiweka juu ya filamu zote. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe niliilalia mara mbili kabla ya kuimaliza. Nilipoimaliza, siku kadhaa sikuweza kumenya kiazi bila kujiona nimo ndani ya kamera, lakini hilo si jambo la kumweleza mteja saa 5 asubuhi.

Akanyamaza. Halafu: "Dada yangu, mimi nakuelewa. Lakini wakubwa zangu?"

Dakika 55 za simu. Kazi haikusogea hata mstari, na faili linatakiwa usiku.

Nilirudi kitini saa 6 kasoro na nilichofanya baada ya hapo sikumbuki kwa saa. Kula nilikula mbele ya skrini. Dakika ya 31 ilinipumzisha: mama anaiga jinsi mwanawe alivyokuwa akiimba vibaya, na anacheka mpaka anajifuta macho. Kicheko hicho ndicho kinachoifanya dakika ya 52 iume. Mwenye kuihariri filamu hii alijua. Ametupa mtu wa kumpenda kwanza, ndipo akatunyang'anya. Sijui kama hiyo ni burudani. Najua nilitabasamu mara ya tano kama mara ya kwanza, nikachukia kwa sababu nilijua kinachokuja.

Kisha mgongo. Kisha macho. Mtu akikaa na sauti ya anayelia masikioni tangu alfajiri, akikata kilio hicho vipande vipande ili kienee kwenye herufi 42, mchana kitu ndani yake huzima. Nilijikuta nakereka na yule mama. Ongea basi, mama, nataka nimalize. Ndipo nikavua hedifoni nikatoka nje nikasimama tu.

Nikiwa pale nilikumbuka Shoah ya Claude Lanzmann, ya mwaka 1985. Zaidi ya saa 9 kuhusu mauaji ya Wayahudi, bila kipande kimoja cha picha za zamani. Ni watu wanazungumza na mahali palipobaki. Kwa sisi wa kazi hii ina jambo moja zaidi: Lanzmann hakuwakata wakalimani wake. Shahidi anasema, mkalimani anatafsiri, na wewe katikati unangoja ukiutazama uso wa mtu ambaye ameshasema. Mteja wangu angemwambia ayafupishe hayo. Na ni katika kule kungoja ndipo unapoona uso unavyofanya ukidhani hautazamwi tena.

Nikarudi nikaandika "Nilimwambia... nilimwambia avae..." kwenye nukuu moja na "...koti. Avae lile koti." kwenye ya pili, fremu nane baina yake, yaani zile picha moja moja zinazopita kuunda filamu. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo ni theluthi moja ya sekunde. Ndiyo nafasi yote niliyokuwa nayo ya kumwachia akwame. Zile sekunde 94 niliziacha tupu.

Watoto walirudi wakati fulani. Giza liliingia wakati fulani. Faili nikalituma saa 3 na robo usiku na ujumbe mfupi: sehemu ya nguo sijaweka kitu, mkitaka maandishi pale wekeni wenyewe na jina langu mliondoe. Jibu likaja upesi: "Imepokelewa dada yangu. Nitawafikishia wakubwa. Tuongee kesho." Maana yake, kesho simu nyingine.

Binti yangu alikuwa ameweka vichekesho sebuleni. Nikajitupa karibu naye kwa sababu nilitaka kupoa, na sioni aibu kulisema. Jamaa mnene anajiandaa kusema jambo, binti yangu akaangua kicheko kabla jamaa hajafungua mdomo. Manukuu yalikuwa yamewahi. Nami nilikuwa nimeshahesabu, herufi 51 kwa sekunde 2.

"Mama, umeelewa lakini?"

"Nimeelewa. Mwandishi ndiye aliyeharakisha."

Akaniambia ninyamaze, anaangalia.