Nilivyokokotoa umbali wa mlipuko wa redio kwa takwimu zilizochapishwa

Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma kwamba milipuko ya haraka ya redio (kwa kifupi cha Kiingereza, FRB), yaani mimweko mifupi ya mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali, inaweza kutumika kupima umbali wa galaksi, bila kuona hesabu yenyewe inavyokwenda. Niliamua kuifanya mwenyewe. Nilichagua mlipuko FRB 180924, ulionaswa Septemba 2018 na ASKAP, darubini ya redio yenye antena 36 huko Australia Magharibi, kwa sababu galaksi ulikotoka ilikwisha kutambuliwa na umbali wake kupimwa kwa njia nyingine, hivyo jibu langu lingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Mlipuko wa aina hii hudumu milisekunde chache tu. Mawimbi yake huanza safari pamoja, lakini elektroni huru zilizotapakaa kati ya nyota na kati ya galaksi huyachelewesha yale ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya chini zaidi kuliko ya masafa ya juu. Ucheleweshaji huo, kwa milisekunde, ni 4.15 mara kipimo cha mtawanyiko, kugawanya kwa mraba wa masafa yaliyoandikwa kwa gigahezi. Kipimo cha mtawanyiko hakihesabu kilometa, bali elektroni zote zilizopangika katika mstari kutoka chanzo hadi kwetu. Kwa FRB 180924 ni takriban 362, katika vizio vya parseki (kipimo cha umbali cha wanaastronomia, karibu miaka ya nuru 3.26) kwa sentimita ya ujazo, nami nilipoweka masafa ya gigahezi 1.15 na 1.49 nilipata tofauti ya takriban sekunde 0.46. Kwa tukio la milisekunde chache, huo ni muda mrefu mno, na ndiyo maana kipimo hiki husomwa kwa usahihi mkubwa.

Ugumu uko katika kutoa. Kutoka 362 niliondoa 40 za galaksi yetu ya Njia Nyeupe, na 50 nyingine za gesi nyepesi inayoizunguka, ambazo ni makadirio tu. Zikabaki 272. Nilitumia kanuni ya jumla kwamba ulimwengu wa jirani huchangia karibu 900 kwa kila kizio kimoja cha mhamo mwekundu, yaani kiasi ambacho mwanga wa galaksi umevutwa kuelekea rangi nyekundu kutokana na kutanuka kwa ulimwengu. Nikapata 0.30. Nilipoipa galaksi ya chanzo mchango wake wa kawaida unaokisiwa, jibu lilishuka hadi karibu 0.26. Mhamo uliopimwa kwa mwanga wa galaksi yenyewe ni 0.32, sawa na safari ya nuru ya takriban miaka bilioni 3.6. Kwa hesabu ya daftarini nilifurahi, ingawa nilijua kwamba elektroni hazikusambaa sawasawa, na kwamba mstari wowote mmoja unaweza kupita penye nyingi au chache kuliko wastani.

Kisha nikajaribu FRB 20190520B, uliogunduliwa na darubini ya FAST ya China, na hapo furaha ilipungua. Kipimo chake ni karibu 1,205. Kwa njia ileile nilipata mhamo wa zaidi ya 1, yaani safari ya nuru ya zaidi ya miaka bilioni 8, ilhali galaksi yake ina mhamo wa 0.241, chini kidogo ya miaka bilioni 3. Watafiti walieleza kwamba galaksi hiyo yenyewe ina elektroni nyingi ajabu, na baadaye ikaonekana pia kwamba mstari huo unapita katika makundi ya galaksi yaliyo mbele yake.

Tangu hapo sikubali kuuita mtawanyiko peke yake kuwa umbali. Ni dari, yaani kikomo cha juu cha umbali, tena dari isiyo imara sana. Kwa maoni yangu, manufaa makubwa zaidi yako katika kuigeuza hesabu: umbali unapatikana kwa mwanga wa galaksi, halafu mtawanyiko unapima maada iliyo njiani. Hivyo ndivyo kundi la mwanaastronomia Jean-Pierre Macquart lilivyofanya mwaka 2020, likitumia milipuko michache iliyojulikana ilikotoka, na kuonyesha kwamba ile maada ya kawaida iliyokuwa haionekani ipo kweli kati ya galaksi. Macquart alifariki mwaka huohuo, na uhusiano kati ya mtawanyiko na mhamo sasa hubeba jina lake.

Wanafunzi wangu hufanya hesabu hizi kwa orodha ya darubini ya CHIME ya Kanada, iliyotolewa mwaka 2021 ikiwa na milipuko zaidi ya 500. Kwa kuwa mingi kati ya hiyo haijulikani imetoka galaksi ipi, nawataka waandike mbele ya kila jibu maneno “pengine si zaidi ya”, na asiyeandika hapati alama ya mwisho.