Tanki langu la matumbawe halijamnyima mtu haki yake

Tuko likizo kwa mama, Mbagala, na juzi jioni nusura nivunje heshima. Binti yangu mkubwa alikuwa anawaonyesha binamu zake video ya tanki letu la Leeds, Uingereza, lile la maji ya chumvi tunalofugia samaki na matumbawe. Mmoja akauliza linagharimu kiasi gani, na binti yangu hajafundishwa kuficha, akataja. Shangazi alikuwa pembeni anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso: "Kumbe hela ya kulisha samaki ipo. Ya bati ndiyo tunazungushwa."

Hela ya bati nilishatuma. Nimetuma tangu Ramadhani na ujumbe wa muamala ninao kwenye simu, aliyeipokea na alichoifanyia anajijua. Ila hilo halikuniuma sana kama lililofuata: "Mwanamke ana watoto watatu, kazi yenyewe ya usiku, muda wa kuchezea maji anautoa wapi?" Nikasema sawa shangazi, nikatoka nje. Shangazi ni baba, huwezi kumjibu mbele za watu. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyameza pale mkekani.

Nianze na hela, maana ndiyo iliyoleta maneno. Tanki ni la lita 250. Pampu, hita, taa na skima, ile mashine inayokamata uchafu kwa mapovu, ukivichanganya kwa wastani vinakula kama wati 200. Hizo ni karibu uniti tano kwa siku, uniti 145 hivi kwa mwezi. Uingereza uniti moja inacheza kwenye peni 25 hivi, kwa hiyo umeme wa tanki peke yake ni kama pauni 36 kila mwezi. Nyie wa LUKU mnajua hizo uniti 145 hapa mngezinunua kwa ngapi. Chumvi nayo inanunuliwa. Hapa mtu anavuka Kigamboni na dumu lake anachota. Leeds iko bara, mpaka uione bahari ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, na ukiifikia ni bahari ya baridi ambayo matumbawe ya kwetu hayawezi kuishi humo. Kwa hiyo bahari unaitengeneza. Maji ya bomba unayapitisha kwenye vichujio mpaka yanabaki maji matupu, kisha unakoroga chumvi maalumu yenye kalsiamu na magnesi ndani yake, gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Chumvi ya jikoni haifai. Ndoo moja ya hiyo chumvi, ya kilo ishirini na ushee, inapita pauni 50.

Ni hela, sikatai. Lakini ni hela ya usiku wangu. Natoka kazini saa mbili asubuhi nimewageuza wazee kitandani, nimewaosha, wengine nimewashika mkono wakikata roho na watoto wao hawapo. Kodi ya nyumba inatoka kwanza, kisha chakula, kisha ya nyumbani, na ya nyumbani haijawahi kukosa. Inayobaki ndiyo ya tanki. Baba watoto analipia king'amuzi cha mpira kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna shangazi wala mjomba aliyewahi kumuuliza mpira unamsaidia nini. Mimi naulizwa kwa sababu ni mke na ni mama, na kwa sababu watu wameamua kwamba aliye mamtoni hana cha kwake, kila senti yake ina mwenyewe Dar. Nakataa. Nabeba boksi, sijauzwa.

Sasa muda. Shangazi anadhani nasimama mbele ya kioo mchana kutwa. Tanki la matumbawe linamsumbua sana mtu anayelishughulikia kwa kukurupuka. Ukilipangia ratiba, linatulia. Kazi ya kila siku ni moja tu, maji yanayokauka. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki, kwa hiyo usipoangalia chumvi inakolea na wanyama wanaumia. Unajazia maji matupu, si ya chumvi. Nilipoona kazi hiyo inakula asubuhi zangu nikanunua kifaa chenye kihisi, kiwango kikishuka kidogo pampu inajaza yenyewe kutoka kwenye ndoo. Ndicho kitu cha kwanza ninachomshauri mzazi yeyote anunue, hata kabla ya taa nzuri. Na taa zenyewe nimezitega ziwake saa nane mchana, zizime saa nne usiku. Matumbawe yanataka mwanga wa saa nane hivi kwa siku na hayajali ni saa zipi, kwa hiyo tanki linang'aa wakati watoto wametoka shule na mimi nimeamka, siyo wakati nyumba haina mtu.

Jumamosi asubuhi ndiyo kazi kubwa, kubadilisha asilimia kumi ya maji. Hapo ndipo ningependa shangazi aje kuona. Baba watoto anabeba ndoo. Kitinda mimba anasubiri ruhusa ya kutia chakula, kidogo tu cha kubana kati ya vidole viwili. Kaka yake anapima alkali, kitu ambacho matumbawe yanakihitaji kujenga mifupa yao: anadondosha matone kwenye kichupa mpaka rangi ibadilike, anahesabu, anamsomea dada yake namba na dada anaandika kwenye daftari. Tunaitaka kati ya nane na tisa. Ikishuka, yeye ndiye anayepiga hesabu: tanki lina lita kadhaa, imepungua kiasi hiki, tutie mililita ngapi. Mtoto huyu shuleni waliniambia hesabu hazimwingii. Zinamwingia, mradi kuna kiumbe kinachosubiri jibu. Na katika wiki nzima, na shifti zetu zinavyopishana, mimi naingia mwenzangu anatoka, hiyo ndiyo saa ambayo watu watano tuko chumba kimoja, tunaongea Kiswahili, na hakuna aliyeshika simu. Basi nani kaibiwa muda hapo?

Halafu kuna jambo ambalo shangazi analijua vizuri kuliko wengi, maana alikuwepo. Marehemu bibi alituchukua Mjimwema wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, yeye na fimbo yake ya kuvulia pweza, sisi watoto nyuma yake juu ya mwamba. Kitatange, kangaja, pono, bunju, hao niliwajua kwa majina kabla sijajua kusoma. Leeds mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona Waafrika wenzangu wakipotea taratibu: kazi, kitanda, kazi, kutuma hela, chupa. Dada mmoja wa Tanga niliyefanya naye kazi alirudishwa nyumbani hajitambui. Mimi nilikuja kuliona tanki la matumbawe dukani, samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anajizungusha ndani ya anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, nikasimama pale mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Nilijua kwamba hicho ndicho kitakachonishikilia.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaojiandaa, mnaoniandikia kila siku: kwanza, viza ya kutunza wazee Uingereza msidanganywe. Tangu Machi 2024 anayeingia kwa njia hiyo haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, na Julai 2025 mlango wa kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje ukafungwa. Anayekudai mamilioni leo akutafutie "nafasi ya care" anakuibia. Pili, utakayefika kwa njia nyingine, popote pale, tafuta kitu kimoja kisicho kazi wala kutuma hela. Si lazima kiwe samaki. Kwaya, bustani, mpira wa mtaani, dufu. Usisubiri mpaka nyumbani wakuruhusu, hawataruhusu.

Na kama ni matumbawe, usianze mwaka wa kwanza. Subiri mpaka uwe na nyumba ambayo huhami kesho, na mwenye nyumba umemwambia, kwa sababu lita 250 ni kilo 250 za maji kabla hujaweka mawe na kioo. Sisi tuko chini, sakafu ya zege. Tanki jipya liache wiki nne mpaka sita bila haraka, bakteria waote wa kubadilisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, iwe nitriti na nitriti iwe nitrati, la sivyo samaki watakufa mbele ya watoto wako. Anza na matumbawe laini, yanavumilia. Na wenye watoto wadogo, kuna jamii inaitwa zoantha, rangi zake zinavutia na inauzwa kila mahali, lakini baadhi zina sumu ya palitoksini ambayo ni kali mno. Kuna familia zimelazwa hospitali kwa sababu mtu alichemsha jiwe lenye hizo ndani ya nyumba, mvuke ukaenea. Kwangu hazitaingia mpaka kitinda mimba akue.

Jumapili tuliwapeleka watoto wote, wangu na binamu zao, Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi. Ile ni hifadhi tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Binamu zao wamezaliwa jiji hili na hawakuwahi kuangalia chini ya maji. Wangu wakawavalisha miwani, wakaanza kuwaonyesha. Nilimsikia binti yangu, na Kiswahili chake kile cha Leeds, akieleza kwamba hilo si jiwe, ni wanyama wadogo maelfu wanaojenga pamoja, na ndani ya miili yao kuna mwani unaowapa chakula kutokana na jua. Maji yakizidi joto mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe, na likikaa hivyo siku nyingi linakufa. Akawaambia mwaka 1998 yalikufa mengi Mafia na Pemba. Nahodha aliyetupeleka, mtu mzima, alizima mashine akasikiliza. Kisha akaendeleza yeye, akawasimulia enzi za uvuvi wa baruti, jinsi mlipuko mmoja unavyobomoa mwamba uliojengwa vizazi na vizazi, na samaki wengine wanazama tu chini, hata hawafai kuokotwa. Watoto walinyamaza wote, wa Leeds na wa Mbagala. Mimi nilijisikia mzazi aliyetimiza kitu.

Jioni mjomba akashauri kwa nia njema: kwa nini ninunue matumbawe kwa pauni wakati yapo hapa bure, si nitie mawili matatu kwenye begi? Hapana mjomba. Ndani ya hifadhi hakiokotwi kitu, na matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Zaidi ya sheria, mwamba ule umeumizwa vya kutosha. Yangu ni vipande vilivyokatwa kwenye matanki ya watu wengine, vikaoteshwa, vikagawanywa tena. Na mimi yangu yakikua nakata, nauza au nabadilishana, na hapo ndipo sehemu ya hela ya chumvi inapopatikana.

Niseme na la jirani, maana huwa tunasema wazungu hawana ujirani. Huyu ni mzee mstaafu, tumepakana ukuta, miaka yote salamu yetu ilikuwa kutikisa kichwa. Aliposikia tunasafiri alikuja mwenyewe kugonga mlango, akauliza tanki tunamwachia nani. Akaja na daftari. Nikamwelekeza: ndoo ya maji matupu aijaze, hita aitazame, chakula ni kidogo tu cha vidole viwili, siku moja na kuruka moja, asizidishe kwa huruma, kwa sababu chakula kinachobaki kinakuwa nitrati na fosfati na mwani mbaya unaota. Akaandika yote. Tangu tufike Dar, kila asubuhi anatuma picha na kiwango cha joto, nyuzi 25 na nukta kadhaa. Hela amekataa. Mama yangu aliposikia alimwombea dua mzee wa watu bila kumjua, na kesho tunakwenda Kariakoo kumtafutia korosho.

Mdogo wangu wa Temeke naye sasa anataka lake, hapahapa Dar. Nimefurahi na nimemwambia ukweli: huku atapambana na mambo tofauti na yangu. Mimi nalipia hita, yeye atahangaika na joto, chumba cha Temeke mwezi wa pili kinapita nyuzi 30 na matumbawe hayataki huko. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi, ila maji yatakauka haraka, kwa hiyo kujazia kutaongezeka. Halafu umeme. Ukikatika usiku, pampu zinasimama, hewa inaisha ndani ya maji, na samaki hawafiki asubuhi. Kuna pampu ndogo za hewa za betri, zinawaka zenyewe umeme ukikatika, bei yake si ya kutisha. Nikirudi namtumia mbili. Samaki atanunua baada ya hapo.