Chambo cha baba

Ndio kwanza tumerudi Kirumba, hapa Mwanza. Baba amelala, mimi usingizi hauji.

Tangu aambiwe ana saratani ya tezi dume, tunasikia habari za kipimo cha PET, picha ya mwili inayoonyesha saratani ilipo. Leo nikamuuliza daktari: si kile cha kuchomwa sukari?

Akasema sukari yenye florini-18, kitu cha mionzi kinachong'aa kwenye picha, inafaa kwa saratani nyingi, maana seli zake huila kwa pupa. Ya tezi dume mara nyingi haili sana. Tena sukari hiyo hutoka na mkojo, kibofu kinang'aa na kuficha kilicho jirani. Baba atachomwa dawa yenye galiamu-68, nayo ya mionzi, inayonata kwenye PSMA, protini iliyojaa juu ya seli hizo. Kila dakika 68 nusu ya galiamu imeisha, kwa hiyo haiwekwi stoo.

Baba, aliyezeekea ziwani, alikuwa kimya. Kisha:

"Kumbe ni chambo. Sangara humwekei mnyoo, unamwekea samaki mdogo, furu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ndivyo, mzee wangu."

Nikaona mabega ya baba yakishuka. Miezi yote hii yalikuwa juu, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Safari ni wiki ijayo. Mliowahi kumpeleka mzazi kwenye kipimo hiki, mlimwandaaje? Niambieni, ndugu zangu.