Nilivyokaguliwa utumbo nikiwa mzima, na kilichoonekana mara ya pili

"Usiamshe aliyelala, utalala wewe." Hayo niliambiwa na shangazi siku nilipomweleza kuwa naenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera ilhali siumwi popote. Shangazi namsamehe, hakusomea udaktari. Lakini maneno yanayofanana na hayo niliyasikia pia kliniki, kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe: "Dada, miaka mitatu hujaona damu chooni, unatafuta nini huko ndani?" Hilo ndilo lililonikera mpaka leo naandika.

Nina kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa kudumu unaouchochota utumbo mpana na kuutia vidonda, na kwangu imeshika utumbo mpana wote. Utumbo ukikaa na mchochota miaka mingi, seli zake zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na katika kuzaliwa huko nyingine hutoka zimepotoka. Upotofu huo wanauita displasia, na ndio unaoweza kugeuka saratani baadaye. Hauumi. Unaweza usitoe hata tone la damu. Na kwa watu wa ugonjwa wetu unaweza kulala bapa ukutani badala ya kusimama kama kinyama kinachoonekana kwa urahisi. Sasa mtu akikwambia usubiri dalili, anakwambia usubiri mpaka kitu chenyewe kikomae.

Ukaguzi kwa kawaida huanza miaka 8 tangu dalili za kwanza. Narudia: tangu dalili za kwanza, si tangu siku ulipotajiwa jina la ugonjwa. Mimi faili langu lilisema miaka sita, kwa hiyo nikaambiwa nirudi baadaye. Kumbe kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka miaka miwili na zaidi nikitibiwa ameba, kisha bawasiri, kisha ameba tena. Nikaingia chini ya kitanda, nikatoa boksi la makaratasi, na humo nikapata kadi kuukuu imeandikwa kwa kalamu iliyofifia: choo chenye damu na kamasi, wiki tano. Tarehe ipo. Nilihesabu mara tatu. Miaka 8 ilikuwa imekwisha pita. Kadi hiyo ndiyo iliyonipatia rufaa, kwa hiyo usitupe kadi zako za zamani hata kama zimeliwa na mende.

Walitaka kwanza nipime choo kuona kama kina damu iliyojificha. Kipimo hicho kinawafaa watu wasio na ugonjwa huu. Kwetu sisi kidonda kidogo tu kinatoa damu na kipimo kinapiga kelele bure, na upande wa pili displasia bapa inaweza kukaa kimya nacho kikasema uko salama. Kalprotektini, kipimo kingine cha choo, pia si jibu: inapima mchochota, haitafuti saratani. Hakuna njia ya mkato hapa, ni kolonoskopi, yaani ile kamera ya kupitishwa ndani ya utumbo mpana.

Mara ya kwanza ilishindikana, na niliumia kuliko nilivyotarajia. Nilipewa dawa ya kuharisha, ile ya lita nyingi, nikaambiwa niinywe yote jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kipimo kilikuwa mchana. Niliinywa yote, nikamaliza na hata kujisifu. Usiku kucha sikulala. Lakini kati ya usiku ule na saa nane mchana kuna saa nyingi, na utumbo mdogo hauachi kushusha nyongo na ute. Kamera ilipofika upande wa kulia wa utumbo mpana ilikuta tope. Nilipozinduka muuguzi akaniambia kwa upole, "Imekwisha mama, hakuna kilichoonekana." Nikaenda nyumbani na furaha yangu.

Siku tatu baadaye nilisoma ripoti mwenyewe. Iliandikwa kwamba maandalizi yalikuwa hafifu na upande wa kulia haukukaguliwa. Hakuna kilichoonekana kwa sababu hapakuonekana! Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikapiga simu kuomba siku nyingine. Kila nikikutana na mwenzangu aliyepimwa namwambia aombe ripoti na atafute mambo mawili: usafi wa utumbo ulikuwaje, na kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana au haikufika.

Mara ya pili nilijipanga. Daktari mwingine, bingwa wa mfumo wa chakula anayewaona wagonjwa wa kolaitisi na wa Crohn (ugonjwa mwingine wa mchochota wa utumbo) kila wiki, alinigawia dawa mara mbili: nusu jioni, nusu alfajiri. Kipimo kilikuwa saa 4 asubuhi. Niliamka saa 10 alfajiri, nikaanza kunywa, na saa 11 na nusu glasi ya mwisho ilikuwa imeshuka, kwa sababu alitaka niwe nimeacha kunywa chochote angalau saa mbili kabla. Vidonge vya madini ya chuma alinisimamishia wiki moja mapema, maana vinaacha weusi unaong'ang'ania ukutani. Vyakula vyenye mbegu na nyuzinyuzi niliviacha siku kadhaa kabla.

Kuhusu kunywa nina ufundi wangu na ninajivunia. Niliipooza dawa mpaka ikawa baridi kabisa. Nikatumia mrija, nikiuingiza mpaka nyuma ya ulimi ili ladha isikae mdomoni. Nilipanga glasi zote mezani kwa mstari, na kila baada ya dakika 15 simu inalia, nakunywa moja kwa mkupuo, nageuza glasi kifudifudi. Kuziona zikigeuka moja baada ya nyingine kulinipa nguvu ambayo jagi kubwa lisingenipa. Na kabla ya safari ya kwanza ya chooni nilijipaka mafuta mazito ya mgando, nikatumia maji ya uvuguvugu badala ya karatasi. Mara ya kwanza ngozi ilichubuka siku nne, mara ya pili sikuhisi kitu. Nilijua niko tayari pale kilichotoka kilipokuwa maji matupu ya njano, yanayopitisha mwanga kama mkojo.

Jambo ambalo wengi wanaligeuza: kipimo hiki hufanywa vizuri zaidi ugonjwa ukiwa umetulia. Utumbo ukiwa umechochoteka, seli zinazojitibu zinafanana na zilizopotoka, na anayesoma vipande maabara anaweza kushindwa kutofautisha. Kwa hiyo ule uzima wangu uliowafanya watu wanizuie ndio ulionifanya nifae kukaguliwa.

Daktari alinyunyiza rangi ya buluu ukutani mwa utumbo. Rangi hiyo inaingia kwenye mikunjo na kuchora mipaka ya sehemu isiyofanana na jirani zake. (Mkojo ukiwa na ukijani baadaye usishtuke.) Wapo wasiotumia rangi, wao huchukua vipande vinne kila sentimita 10, jumla thelathini na kitu. Mimi sikulazwa usingizi mzito, kwa hiyo nilisikia daktari aliponyamaza. Alikaa pale pale muda. Kisha akasema taratibu, "Dada, kuna kipande hapa sikipendi, nakitoa chote."

Kilikuwa bapa, milimita 8. Upande wa kulia. Pale pale palipokuwa na tope.

Majibu yalisema displasia ya daraja la chini, yaani upotofu wa seli ambao bado ni mdogo. Niliomba vipande visomwe na mtaalamu wa pili, na daktari akaniambia ndivyo alivyokuwa amekwisha kufanya, kwani wasomaji hutofautiana sana kwenye daraja hilo. Wa pili alikubaliana na wa kwanza, na vipande vya pembeni vilikuwa safi. Wiki ile binamu alinitumia takwimu ya kutisha: asilimia 18 ya wenye ugonjwa wetu hupata saratani ya utumbo ndani ya miaka 30. Daktari aliitambua, ni ya uchambuzi wa mwaka 2001, na tafiti zilizofuata zimekuta hatari ndogo kuliko hiyo. Nikamuuliza kama lazima nikatwe utumbo wote. Akasema zamani wengi waliishia hapo, lakini leo doa lililoonekana wazi na kutolewa lote linaweza kufuatiliwa kwa karibu.

Ratiba si moja kwa wote. Mimi ni kila mwaka sasa. Mwenzangu ambaye ugonjwa wake haujawahi kuvuka puru hahitaji ukaguzi wa namna hii. Mwingine ana ugonjwa wa mirija ya nyongo unaoitwa kolanjaitisi ya kukakamaa, na yeye hakusubiri miaka 8: alianza mara tu ulipogundulika, na anapimwa kila mwaka. Anayepima kila baada ya miaka mitano ni yule mwenye utumbo uliotulia na asiye na ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo. Uliza wewe uko wapi, na uliza kwa nini.

Shangazi alikuja kuniona nilipotoka. Nilimwonyesha ripoti zote mbili, nikamwekea kidole kwenye mstari wa ile ya kwanza unaosema upande wa kulia haukukaguliwa. Alisoma polepole, akakunja karatasi, akaniuliza tarehe ya mwaka ujao ni lini. Nimeshaiandika ukutani: saa 4 asubuhi, na dawa mara mbili.